Yule dumuzi mmoja

Mwaka 2014 nilipoteza gunia 11 za mahindi. Hesabu naijua kwa sababu tuliyapandisha darini mimi na mke wangu, kapu kwa kapu, yakiwa na maganda yake, baada ya mavuno ya masika. Desemba nilipopanda kuchukua ya kusaga, gunzi la kwanza nililolishika lilivunjika mkononi kama mkate mkavu, unga ukanimwagikia mpaka kwenye kope. Kwa nje ganda lilikuwa zima kabisa. Ndani hamkuwa na punje. Palikuwa na ngozi za punje na vumbi laini, na ndani ya vumbi vidudu vya rangi ya kahawia iliyokolea vilikuwa vikitambaa bila haraka, kama wageni waliokwisha kula na sasa wanatafuta viatu vyao.

Kinachoniuma si zile gunia. Ni kwamba nilimwona. Jioni moja ya Septemba nilikuwa nimekaa barazani, dumuzi mmoja, mdudu wa aina ile ile niliyoikuta darini, akatua kwenye kioo cha kandili. Nilimtambua, nikambana kwa ukucha, nikasema, "Huyu kapotea njia." Mke wangu akaniambia nipande darini nikaangalie. Nikamjibu kuwa mdudu mmoja hana hasara, nitapanda Jumapili. Jumapili palikuwa na harusi.

Kwetu ni Muheza, mkoa wa Tanga, nchi ya michungwa na minazi, na mahindi yetu mengi ni ya kula wenyewe. Nililelewa na bibi mzaa mama, na bibi alikuwa na uchanja juu ya mafiga. Mahindi yalikaa pale mwaka mzima yakipigwa moshi mpaka maganda yanakuwa meusi kama masizi ya sufuria. Mdudu tuliyemjua ni fukusi, yule mwenye mdomo mrefu kama mkonga. Fukusi hakumtisha bibi. Aliyaanika mahindi kwenye mkeka jua likiwa kali, fukusi wakatoka wenyewe kukimbia joto, na kuku walikuwa wameshajipanga pembeni kabla mkeka haujatandazwa. Kwa bibi, fukusi walikuwa sehemu ya chakula cha kuku.

Dumuzi ni mgeni. Asili yake ni Meksiko na Amerika ya Kati, na hapa Tanzania alianza kuonekana Tabora mwanzoni mwa miaka ya 1980. Kutoka huko alisambaa kila mahindi yalikosafirishwa, akavuka mpaka hadi Taveta upande wa Kenya. Watu wengine walimwita Scania, jina la lori, na hakuna aliyehitaji kuelezwa kwa nini. Kenya baadaye wakamwita Osama. Waliopima hasara kule Tabora miaka hiyo walikuta baadhi ya vihenge vimepoteza hadi theluthi ya uzito wa mahindi ndani ya miezi michache. Mimi nilikuwa mtoto. Nakumbuka bibi akishika gunzi lenye matundu, akilipuliza, unga ukiruka, akasema tu, "Huyu si fukusi." Jua halikumtoa. Moshi ulimsumbua kidogo, lakini bibi alikuwa akizeeka na moto wa jikoni ulikuwa ukizimwa mapema.

Basi baada ya ile hasara nilifanya anachofanya kila mtu. Mwaka uliofuata nilikwenda duka la pembejeo, nikaomba dawa ya wadudu wa mahindi, nikapewa dawa ya vumbi. Niliinyunyiza tabaka kwa tabaka. Baada ya wiki mbili nikakuta fukusi wamekufa chungu nzima, nikawazoa kwa ufagio, nikamwita mke wangu aje aone. Nilijisifu mpaka jirani akaja kuuliza jina la dawa. Februari, unga ukaanza kudondoka tena kutoka darini, mwembamba, ukitua juu ya kitanda.

Mpwa wangu wakati huo alikuwa anasoma kilimo pale Sokoine, Morogoro. Alipokuja likizo nikampa pakiti asome.

"Mjomba, hii ni ya fukusi."

"Si wadudu wote ni wale wale?"

Akacheka, kwa adabu lakini akacheka. Akanieleza kuwa ile niliyonunua ilikuwa na kiungo kimoja, pirimifosi-methili, ambacho fukusi hawezi kukistahimili ila dumuzi anakivumilia. Kuna kingine, permethrini, ambacho dumuzi anakiogopa na fukusi anakibeba vizuri zaidi. Ndiyo maana dawa inayofaa ghala lenye hawa wawili huwa imechanganywa viungo vyote viwili. Mimi nilikuwa nimewaua majirani nikamwachia dumuzi nyumba nzima.

Hapo ndipo nilipoanza kuwaangalia hawa wadudu kama watu wanaokaa pamoja na kila mmoja ana lake. Maana ukifungua gunzi bovu hukuti aina moja. Mpwa alimwaga vumbi la gunzi moja kwenye sinia jeupe, tukakaa nalo asubuhi nzima, yeye na lenzi yake, mimi na miwani ya kusomea. Dumuzi ana umbo la kipande cha kijiti, kama milimita 3 au 4, kichwa kimejificha chini ya kifua hivi kwamba ukimtazama kutoka juu unadhani hana kichwa. Mgongoni nyuma amekatika wima, kama gogo lililokatwa kwa msumeno. Fukusi ana ule mkonga. Halafu kulikuwa na wa tatu, mwekundu mwekundu, bapa, mwepesi wa mbio. Huyu ndiye tunayemkuta kwenye unga wa dukani uliokaa sana.

Ukiwatazama utadhani wanasaidiana, na kwa namna fulani ni kweli, ila hakuna aliyekusudia. Fukusi jike hutoboa punje kwa mkonga wake, akataga yai moja ndani, akaziba tundu kwa ute, na mtoto wake hukulia humo humo kwenye giza. Ni mtu wa chumba kimoja. Dumuzi hana subira hiyo. Anachimba njia kutoka punje hadi punje, anavuka mpaka kwenye gunzi lenyewe, na anachochimba ni kingi kuliko anachokula, ndiyo maana vumbi linakuwa vile. Yule mwekundu hana meno ya kufungua punje nzima. Anangoja. Dumuzi na fukusi wakishavunja, yeye anaingia kula vumbi na vipande. Mahindi mazima hayamtaki; mpwa alisema ukimwona huyo kwa wingi ujue wenzake wamefika zamani.

Na huyo mwekundu, wakizidi kubanana, unga hubadilika, unaingia wekundu kidogo na harufu kali ya kuudhi. Harufu hiyo ni kemikali wanayoitoa wenyewe. Na wakibanana hivyo hula mayai yao kwa yao. Nilimwambia mpwa hiyo inanikumbusha nyumba moja ya kupanga niliyokaa Dar es Salaam, akaniomba nisimchekeshe anashika lenzi.

Swali langu lilikuwa lile la kandili. Wale wengine walitoka wapi? Mimi nilimuua mmoja Septemba, na Desemba walikuwa hawahesabiki. Nilidhani walizaana tu. Wanazaana kweli: kukiwa na joto na unyevu wa kuwafaa, yai hufika kuwa dumuzi mzima kwa muda wa wiki nne hivi. Lakini mpwa akasema kuna la zaidi, na badala ya kunieleza akaomba chupa mbili za asali.

Chupa ya kwanza aliweka gunzi lenye dumuzi walio hai. Ya pili aliweka gunzi safi, zuri, la mwaka ule. Zote akazifunga mdomo kwa chachi na mpira, akaziweka barazani kwenye ncha mbili, hatua kama kumi kati yake. Hiyo ilikuwa saa kumi na mbili jioni, wakati ambao wanapenda kuruka. Tukala, tukaongea, tukalala. Asubuhi niliwahi mimi. Kwenye chachi ya gunzi safi hapakuwa na kitu ila mbu mmoja. Kwenye chachi ya gunzi bovu palikuwa na dumuzi tisa, wamejishika kwenye nyuzi, vichwa chini, wanatafuta pa kuingilia. Gunzi safi, lenye chakula chote, wamelipita. Wameng'ang'ania lililokwisha liwa.

Niliwatazama kwa muda mrefu. Mmoja alikuwa akisukuma kichwa kwenye tundu la chachi, anarudi, anajaribu jirani yake, kama mtu anayejaribu funguo. Hawakugusana. Wawili wakikutana kwenye uzi mmoja, mmoja anapinda anapita chini.

Mpwa akanifafanulia. Dume akishapata chakula na kukaa, hutoa harufu. Sisi hatuisikii. Dumuzi walio mbali, madume kwa majike, wanaifuata. Mahindi yenyewe hayawaiti kwa mbali namna hiyo. Anayefika kwanza mara nyingi huwa amebahatisha, kisha ndiye anakuwa tangazo. Halafu akaongeza jambo ambalo sijaacha kulisimulia kila nikipata msikilizaji: jike akishafika na kukaa na yule dume, dume hupunguza ile harufu au huiacha kabisa. Kwa hiyo mkutano si nia yake. Alikuwa akiita mke, kijiji kizima kikaja na bibi harusi.

Yule niliyembana kwenye kandili, basi, hakuwa amepotea njia. Alikuwa njiani kwenda darini kwangu, kwa sababu mwenzake alikuwa ameshafika na alikuwa anaita.

Hapo unaweza kudhani nilikuwa nimeelimika. Mwaka 2016 mpwa aliniletea mtego, kopo la plastiki lenye faneli na kidonge kidogo cha mpira kilicholoweshwa harufu ile ile, imetengenezwa maabara. Aliniachia kwa haraka, gari linamsubiri, akasema ataniambia pa kuutundika. Sikusubiri. Niliutundika chini ya paa la ghala langu jipya, karibu na mlango, mahali ambapo ningeuona. Asubuhi ya kwanza walikuwa 60 na zaidi. Ya pili zaidi. Nilikuwa nawahesabu kwenye kifuniko kama mtu anayehesabu mauzo. Nilipiga simu Morogoro kutoa taarifa ya ushindi.

Simu ikanyamaza kidogo. "Mjomba, umeutundika wapi?"

Nikamwambia.

"Mjomba, umewasha taa ya mgahawa mlangoni kwako."

Mtego haushiki kila anayeitika. Anayefika karibu na kukosa faneli anajikuta amesimama kwenye mlango wa ghala lenye mahindi, naye si mjinga. Nilifungua gunia la karibu na mlango nikakuta vumbi limeshaanza. Nikauhamishia mtego ukingo wa kichaka, hatua 150 kutoka nyumbani, na ndipo nikajifunza jingine: kule kichakani uliwanasa hata miezi ambayo hakuna hindi hata moja kijijini. Dumuzi anaishi kwenye miti mikavu pia. Makopa ya muhogo anayala vile vile. Na zile boriti za dari ya zamani, ambazo nilijivunia kuwa ni za mti mgumu wa babu, zilikuwa na matundu duara yaliyonyooka kama yamepigwa kekee. Kila mwaka nilikuwa nikibadilisha mahindi na kuwaachia wao nyumba. Boriti hizo nilizichoma, mama mkwe akanuna wiki mbili.

Ile tabia yetu ya kuhifadhi na maganda nayo ilikuwa inamfaa yeye. Ganda zuri lililofunga hadi ncha humzuia fukusi kwa kiasi. Dumuzi hulitoboa. Na punje ikiwa bado imeshikwa na gunzi haitikisiki, kwa hiyo anapata pa kuegemea anapochimba. Ukipukuchua, punje zinamkimbia miguuni. Uzee wa njia si hoja. Bibi alikuwa sahihi kwa mdudu wa wakati wake.

Tangu hapo kila nikiona mbawakawa wengi pamoja, maana dumuzi na fukusi nao ni mbawakawa, huwa nauliza wameitwa na nani na kila mmoja amefuata nini. Kwenye minazi tuna chonga, lile dudu jeusi lenye pembe linalotoboa moyo wa mnazi usiku, na majani yakichanua yanatoka yamekatwa kama kwa mkasi. Marehemu mjomba wangu alikuwa fundi wa kumtoa kwa waya uliopindwa ncha. Anaingiza, anasikiliza, anavuta, chonga anatoka akilia kwa kukwaruza. Mimi nilikuwa na gogo la mnazi uliokufa, nimeliacha nyuma ya choo nikikusudia kulifanya benchi. Miaka mitatu nakusudia. Siku nililolipiga shoka lilifunguka kama keki, ndani nikahesabu mabuu 43, manene kuliko dole gumba, yamejikunja, meupe, kila mmoja kwenye tope lake. Ukubwa wao ulitofautiana sana, kwa hiyo hawakuwa wa uzazi mmoja. Majike mbalimbali kwa nyakati mbalimbali walikuwa wameliona gogo langu kuwa ni mahali pa malezi. Na chonga naye, dume lake linatoa harufu ya kuita. Jirani alikuwa amelalamika mwaka mzima kuwa minazi yake inaliwa, nami nilikuwa nikimpa pole.

Kwa kaka yangu Handeni, mwenye ng'ombe, nimechuchumaa mbele ya kinyesi kibichi mpaka watoto wake wakaniogopea. Wako wanaokaa humo humo ndani na kulea humo. Wako wanaochimba chini yake moja kwa moja na kushusha mzigo. Wako wanaokata donge, wanalivingirisha mbio kwenda kulizika mbali, na hao ndio wagomvi, kwa sababu mwenye donge kila mara kuna asiye na donge anayemfuata. Kinyesi kimoja, riziki tatu, na kwa saa chache kimebaki kama makapi.

Mpwa aliniambia kuwa huko Australia yuko mbawakawa mmoja anayeishi ndani ya mti wa mkaratusi ulio hai, na mwaka 1992 wanasayansi walieleza kuwa anaishi kwa mpango kama wa nyuki: mama mmoja anazaa, mabinti wasiozaa wanatunza njia na kuilinda. Mbawakawa ni aina laki kadhaa duniani, na wa namna hiyo anayejulikana ni huyo. Hao ndio wa kuitwa jamii. Wangu wa darini ni msongamano wa stendi: kila mtu ana safari yake, wamekutana kwa kuwa gari limesimama hapo.

Tofauti hiyo ina faida kwa mkulima. Msongamano una mwanya. Harufu ileile inayomkusanya dumuzi humleta pia adui yake, mbawakawa mwingine mdogo mweusi kutoka huko huko Amerika ya Kati, ambaye hula mayai na mabuu yake. Alipelekwa Togo mwaka 1991 na Kenya mwaka 1992 kwa kazi hiyo. Hakummaliza dumuzi. Lakini naipenda habari yake: mtu anaita mke, anaitika mwenye njaa.

Siku hizi ninapukuchua mapema, nakausha hadi punje ilie kwenye meno, na ya kula nyumbani naweka kwenye mifuko ya tabaka tatu inayobana hewa. Humo mdudu anatumia hewa iliyopo, ikiisha anaacha kula, anakauka. Sharti mahindi yaingie safi, maana dumuzi aliyefungiwa ndani akiwahi hutoboa plastiki. Na usichome bambo, kile chuma chenye ncha cha kuchotea punje, kwenye mfuko huo; nimemwona mtu mzima, mfanyabiashara, akifanya hivyo ili kuhakiki kuwa umefungwa vizuri. Bambo langu ni la magunia ya kuuza tu, kila Jumapili, harusi iwepo isiwepo.

Septemba iliyopita tulikuwa barazani tena. Kandili hatuna siku hizi, tuna balbu ya sola. Kitu kikagonga balbu, kikaanguka mezani chali, kidogo kama kipande cha kijiti, miguu juu. Niliinama kukitazama. Nilipoinua kichwa mke wangu alikuwa ameshanyoosha mkono, ananipa tochi.